Eldoret: Jiji lililoupa mto wake kisogo

WATALII wanaoanza safari ya meli katika mto Danube nchini Ujerumani mara nyingi hutembezwa kwanza mjini Regensburg, wenye daraja la mawe la karne ya 12. Mitaa yake ya kale iliorodheshwa na Unesco mwaka 2006 kuwa turathi ya dunia.

Eldoret nayo ni zao la mto, ingawa wageni wengi huipita tu wakielekea Iten kuwatazama wanariadha. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba lililoitwa kwa nambari 64. Ndimi za wenyeji zikalainisha tamko hilo la Kiingereza likawa Sisibo, jina lisikikalo hadi leo. Eldoret, jina la mwaka 1912, husemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani. Reli ilifika mwaka 1924, hadhi ya jiji Agosti 15, 2024.

Meli haiwezi kupita Sosiani, kweli, lakini matembezi kandokando yake yangewezekana. Badala yake taka za mitaani hutupwa humo, kisha maji hayo hutiririka kuelekea mto Nzoia na Ziwa Victoria, ambako wengine huyateka.