Upanga wa Babu: Usuguliwe au Uachwe?

Mjukuu akirithi upanga, jambo la kwanza limjialo moyoni aghalabu ni kuusugua. Auona umekuwa mweusi, una madoa ya kutu, mpini walegea na ala imechanika. Aona haya kuwaonyesha wageni. Basi huupeleka kwa mnoa visu, na baada ya saa moja huurudisha ukimetameta kama kioo. Nyumba nzima hufurahi. Hakuna aulizaye ni nini kilichobaki kwenye jiwe la mnoaji.

Huku kwetu mwambao wazee walizipambanua panga kwa majina. Upanga wa felegi ni mrefu, umenyooka, una makali pande mbili, upanga wa imani ni mfupi, nao umenyooka, kitara kimepinda. Waarabu wa Omani walikuja na panga zao ndefu, na chuma cha nyingi katika hizo kiliagizwa kutoka Ulaya, hasa mji wa Solingen, Ujerumani. Mafundi wa huko waligonga alama zao chumani, mathalan ile ya mbwa-mwitu akimbiaye. Alama hiyo iliigwa na wahunzi wa nchi nyingine, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Lakini ikisuguliwa ikatoweka, hata hilo la kuulizia huwa halipo tena. Kuna na panga zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, jina la mwenyewe au dua. Sisi tuliosomea vyuoni huweza kuyabahatisha maandishi hayo hata yakififia, ila vumbi la msasa halisomeki.

Je, kutu iachwe? La hasha! Kutu ni namna mbili. Iko ile nyeusi au ya kahawia iliyokaza, iliyolala juu ya chuma kwa miaka mingi. Hiyo haina haraka, na baadhi ya watu huiona ndiyo sura ya upanga wenyewe. Na iko nyekundu, ya unga, ambayo ukiipitisha kidole hukutia rangi. Hii ingali inakula, nayo haifai kustahiwa. Huondolewa polepole kwa mafuta mepesi ya mashine na kitambaa, pasipo tupa wala ndimu. Ndimu hung'arisha upesi, kisha asidi yake husalia vitobwenimo ikaendelea na kazi.

Adui wetu mkubwa ni chumvi ya pwani. Meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama chini ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, na wapiga mbizi waliichimbua tangu 1977 hadi 1980. Chuma kilichokaa baharini muda kama huo hakifai kuanikwa tu kikauke; chumvi iliyomo ndani hukipasua. Hutunzwa majini kwanza hata chumvi itoke. Upanga wa sandukuni haukuzama, lakini hewa ya Lamu nayo ina chumvi, na ala ya ngozi huvuta unyevu. Kwa hiyo wajuzi hushauri chuma na ala viwekwe mbalimbali. Wengi hawapendi kusikia hivyo, maana upanga bila ala huonekana kama uko uchi.

Penye ugumu hasa ni upanga ambao bado una kazi. Bwana harusi wa Kiswahili wa desturi ya kale huvaa joho na kilemba, jambia kiunoni na upanga mkononi. Huwezi kumpa upanga ambao mpini wake utamtoka mbele ya watu! Mimi naona upanga wa namna hiyo una haki ya kutengenezwa, mradi fundi atengeneze kitu kinachoweza kuondolewa baadaye. Msumari mpya mpinini hung'oka. Chuma kilichosagwa hakirudi. Fedha ya mpini nayo isisuguliwe kila sikukuu, kwani kila msuguo huondoa kidogo ya nakshi.

Kabla ya lolote, upanga upigwe picha pande zote mbili, na mzee aliye hai aulizwe ulikuwa wa nani, majibu yaandikwe. Sonara akibadilisha kipande cha fedha kilichovunjika, kile cha zamani kidaiwe. Masonara wana mazoea ya kukiyeyusha pamoja na vingine, wala si kwa ubaya. Kwao fedha ni fedha. Kifungwe katika kitambaa kikavu, kiwekwe sanduku lile lile, pamoja na karatasi yenye tarehe na kazi iliyofanywa.