Ramani Zinavyopima Athari za Ujenzi kwenye Mikoko ya Lamu

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya: hekta 37,000 na ushei kati ya takriban 61,000. Sehemu ya misitu hiyo imeizunguka Ghuba ya Manda, ilikojengwa bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Madhara ya ujenzi wa ukubwa huo hayapimiki kwa kusimama ufukweni. Hupimwa kwa kulinganisha ramani za miaka mbalimbali.

Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Jani bichi la mkoko humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Kompyuta hutumia tofauti hiyo kutenga msitu na tope, maji au saruji. Picha ya kabla ya mradi ikilazwa juu ya ile ya baadaye, mikoko iliyotoweka hujitokeza.

Kazi haiishii hapo. Kila setilaiti ya Landsat hupita saa ileile ya asubuhi kila baada ya siku 16, lakini bahari haifuati saa. Picha ya maji kupwa ikilinganishwa na ya maji kujaa, miche iliyofunikwa na maji itahesabiwa kuwa imekatwa. Kisha kila nukta ya picha hiyo ina upana wa mita 30, hivyo ukanda mwembamba wa mikoko kandokando ya mkondo hupotea kabisa. Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 2015, huona hadi mita 10, na setilaiti za rada hupenya mawingu ya masika. Hata hivyo, mkata boriti wa Lamu hutofautisha aina za mikoko, yaani mkoko wenyewe, mchu na mkandaa, kwa kuutazama tu mti, jambo ambalo picha huweza kulikosea. Ndiyo maana ramani isiyohakikiwa na mtu aliyekanyaga tope haitoshi.

Kosa kubwa zaidi ni kupima ndani ya mipaka ya mradi peke yake. Mkondo wa meli unapochimbwa, tope huchukuliwa na maji hadi mbali na gati, likatua juu ya matumbawe na nyasi za baharini wanazokula kasa na nguva. Tena maji yakichafuka, setilaiti haioni sakafu ya bahari. Hapo hutakiwa mashua, wapiga mbizi na wavuvi wanaojua malisho ya samaki yalikuwa wapi.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za wenyeji, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kudai fidia ya namna hiyo ni kueleza kilichokuwapo kabla ya ujenzi, na hilo haliwezi kupimwa upya baada ya sakafu kuchimbwa. Kibali cha kujenga pwani kisitolewe kabla ramani ya hali ya awali haijawekwa mezani, na wavuvi wa eneo hilo wakaipitia.