Kompyuta Mpya Inazima Ovyo? Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Mpwa wangu hupiga video za harusi huku Kisauni. Kwa miaka alikuwa akihariri kazi zake kwa laptopu kuukuu iliyokuwa ikipiga kelele kama mashini ya kusaga. Mamake alipopata zamu yake ya mchezo akampa zote, naye akaongeza akiba yake, akajiundia kompyuta ya mezani mwenyewe. Vifaa alivikusanya kidogo kidogo: prosesa na madabodi kutoka Nairobi, kijiti kimoja cha RAM alicholetewa na jamaa kutoka Dubai, na kijiti cha pili akanunua hapa mjini. Aliunganisha kwa kutazama video za YouTube, na nikiwa mkweli, aliiunganisha vizuri kuliko mafundi wengi niwajuao.

Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano ikajiwasha upya katikati ya kutoa video ya kupamba. Kesho yake ikaganda akiwa anasikiza nyimbo tu. Kisha ikakaa siku mbili nzima bila tatizo, na siku ya tatu ikaleta skrini ya buluu mara tatu kabla ya adhuhuri. Fundi wa kwanza alifuta Windows akaiweka upya, akachukua pesa zake. Fundi wa pili akasema madabodi imekufa, nunua nyingine. Shangazi yake akasema ni kijicho cha majirani. Kufikia hapo bibi harusi alikuwa ashapiga simu mara nne kuulizia video yake, na kijana alikuwa tayari kukopa anunue madabodi ya pili.

Nilimwambia asinunue chochote, aniletee daftari la mazoezi na kalamu.

Kompyuta inayozima kwa mpangilio ni rahisi kutibu. Hii inayozima ovyo ndiyo humla mtu pesa, kwa sababu kila unapobadilisha kifaa kimoja ikakaa siku mbili bila kuzima, wadhani umepona. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuandika: saa ngapi ilizima, ulikuwa ukifanya nini, na ilizima vipi. Hilo la mwisho ndilo kubwa, na wengi hulipuuza wakasema tu "inazima".

Kuna kuzima kwa aina kadhaa. Ikiwa kompyuta yakatika papo hapo, kama umeme uliokatika, bila skrini yoyote, mara nyingi utazamie upande wa pawasaplai, joto la kupita kiasi, au waya uliolegea. Ikileta skrini ya buluu (katika Windows 11 za karibuni imegeuzwa nyeusi), basi Windows yenyewe imegundua kosa ikajisimamisha, na mara nyingi chanzo ni RAM, draiva au prosesa. Ikiwa ni programu moja tu inayofunga huku nyingine zikiendelea, anza na programu hiyo kabla ya kufungua kasha.

Skrini hiyo ya buluu huwa na maneno ya herufi kubwa. Usiipite bila kuipiga picha kwa simu. Kanuni niliyoizoea ni hii: likiwa neno ni lile lile kila mara, na faili inayotajwa ni ile ile, mshuku draiva. Yakibadilika kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jingine kabisa, mshuku RAM kwanza. Si sheria isiyovunjika, ila mara nyingi imenipeleka mahali pazuri. Ikiwa skrini yapita upesi mno, zima ule mpangilio wa Windows unaoiamuru kompyuta ijiwashe yenyewe baada ya kosa.

Jambo jingine linalowapotosha vijana ni kumbukumbu za Windows ndani ya Event Viewer. Mpwa wangu alinionyesha kwa furaha: "Mjomba, nimepata kosa, Kernel-Power 41!" Nikamwambia hilo si kosa, ni cheti cha kifo kisichotaja ugonjwa. Nambari 41 yasema tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila ya kuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya ukutani itaandikwa hiyo hiyo. Watu wameshanunua pawasaplai mpya kwa sababu ya neno "Power" lililo pale. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni maandishi ya WHEA-Logger, kwani hayo hutoka kwa vifaa vyenyewe vikilalamika.

Tukaanza na joto, maana ndilo rahisi kupima, na kaskazi ya hapa kwetu haina huruma na kasha lililobanwa ukutani. Prosesa yake ni Ryzen 5 5600, ambayo mwisho wake ni nyuzi 90. Tuliipakulia HWiNFO, tukaitwika kazi nzito nusu saa. Ikafika 78 ikatulia hapo. Joto tukalifuta. Ingefika 90 kwa dakika mbili ningemwambia afungue feni ya prosesa atazame kama alisahau kubandua ile karatasi ya plastiki chini yake. Msicheke, nimeshaiona mara mbili.

Kisha umeme. Hapa tulipitia waya mmoja mmoja: ule wa prosesa ulio juu ya madabodi, ule mkubwa wa pini 24, na zile za kadi ya grafiki, tukizisukuma hadi zilie. Kadi yenye matundu mawili ya umeme ni bora ipewe waya mbili tofauti kutoka pawasaplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Tulitazama pia vile vijiguu vya shaba chini ya madabodi, maana kimoja kikikaa pasipo tundu huweza kugusa mahali pasipofaa. Halafu tukaihamishia kompyuta nyumbani kwangu siku mbili, kwa sababu nyumba nyingi za zamani soketi zake hazina waya wa ardhi, na ekstensheni zetu za sokoni mtu hazijui ndani zina nini. Ikazima kwangu vile vile. Basi umeme wa nyumba yao ukaondoka katika orodha, na tukaazima pawasaplai ya rafiki yake, ikazima nayo pia. (Kwa wale watakaouliza: alama ya 80 Plus kwenye pawasaplai yaeleza tu haitupi umeme mwingi kama joto. Haikuambii ni imara.)

Kila mara tulibadilisha kitu kimoja tu. Kijana alinung'unika, akataka kubadilisha vitatu kwa mpigo amalize. Lakini ukibadilisha vitatu ikapona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hutajua sumu ilikuwa ipi.

Usiku wa tatu tukaenda kwenye RAM. MemTest86 ni programu ya bure inayowekwa kwenye fleshi, na kompyuta huwashwa kutoka fleshi hiyo bila kuingia Windows. Huandika na kusoma kila pembe ya RAM kwa raundi 4, na kwa RAM ya GB 32 huchukua masaa, kwa hivyo huachwa usiku. Hatukuhitaji usiku. Kabla ya raundi ya kwanza kwisha mistari myekundu ilikuwa imejaa. RAM inatakiwa kutoa makosa sifuri. Si machache, sifuri.

Mwingine angeishia hapo atupe vijiti vyote viwili. Sisi tukatoa kimoja tukapima kile cha Dubai peke yake usiku mzima: hakuna kosa. Tukapima kile cha Mombasa peke yake: hakuna kosa. Tukabadilisha matundu: hakuna kosa. Tukavirudisha pamoja, mistari myekundu ikarudi.

Siri ilikuwa kwenye BIOS. Kijana aliwasha mpangilio uitwao XMP, kama video zote za YouTube zinavyofundisha. RAM ya DDR4 ikiwekwa kwenye madabodi kwa mara ya kwanza hukimbia kwa kasi ya kawaida, sema 2400 au 2666, hata kama pakiti imeandikwa 3600. Ile kasi ya pakiti ni ahadi ya mtengenezaji kwa vijiti vilivyopimwa na kuuzwa pamoja, na XMP ndiyo huiwasha, pamoja na kuongeza volti kutoka 1.2 hadi 1.35. Vijiti viwili vilivyonunuliwa mbalimbali, hata vikiwa na jina moja na nambari moja, huenda chipu zake za ndani si za aina moja. Madabodi inalazimika kuvikimbiza kwa mwendo mmoja, na kimoja hukosa pumzi mara moja moja. Tena AMD yenyewe huitaja Ryzen 5 5600 kuwa inakubali RAM hadi kasi ya 3200 tu. 3600 ni ziada unayojitwika mwenyewe.

Tukazima XMP. MemTest86 ikamaliza raundi zote 4, makosa sifuri. Tukajaribu 3200, makosa mawili alfajiri. Tukarudi 2666.

Kuna wenye bahati mbaya ambao wataifuata njia hii yote na RAM ikatoka safi. Wakiwa na prosesa za Intel Core za mezani za kizazi cha 13 au 14, wajue kwamba mwaka 2024 Intel ilikiri baadhi yazo hupelekewa volti nyingi kuliko inavyofaa, nazo huchakaa zikaanza kuangusha kompyuta. Masahihisho yalitolewa kupitia BIOS, ya Agosti mwaka huo yakiitwa 0x129 na ya Septemba 0x12B, na dhamana ya prosesa hizo ikaongezwa miaka miwili. Lakini BIOS mpya huzuia madhara tu. Iliyokwisha kuharibika hairudi. Anayenunua prosesa hizo mkononi kwa mtu na aulize. Na anayebadilisha BIOS asifanye hivyo bila UPS, kwa namna umeme wetu unavyokatika.

Jambo moja lilimuumiza zaidi ya kuzima kwenyewe. RAM yenye makosa haiangushi kompyuta tu, huharibu pia kila kinachopita ndani yake. Faili unazonakili katika kipindi hicho huandikwa zimeshachafuka, nawe huoni. Tulipofungua picha za ile harusi kwenye diski mpya, dakika kadhaa za kuingia kwa bibi harusi ukumbini zilikuwa vibokisi vya kijani. Alinusurika kwa sababu hakuwa amezifuta kadi za kamera, tabia aliyorithi kwa uvivu, wala si kwa busara. Tukaifuta Windows, safari hii tukiwa na sababu, na kunakili yote upya kutoka kadi.

Muuzaji wa kijiti cha pili alikataa kukirudisha akisema hakina ubovu, na kwa kweli hakina. Kijana anafikiria kuviuza vyote viwili siku moja anunue jozi ya pakiti moja. Kwa sasa video ya saa nzima inamchukua dakika chache zaidi kutoka kuliko alivyotarajia, naye ameandika kwenye daftari siku 41 bila kuzima. Madabodi ni ile ile "iliyokufa".