Plastiki Isiyokubali Gundi

Mtoto wa jirani yangu hapa Tororo alinijia Jumamosi moja na roboti aliyoiunda mwenyewe. Kiwiliwili kilikuwa kopo la mafuta ya kujipaka, miguu na mikono ni vizibo vya chupa za soda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kichwa ni kifuniko cha dumu la lita tano. Kila kiungo alikuwa amekipaka gundi, na kila kiungo kilikuwa kimebanduka. "Mzee, gundi ya siku hizi ni bandia," alilalamika. Nikamwambia aketi, kwa sababu gundi yake haikuwa na kosa lolote.

Nimefanya kazi na kalibu za plastiki kwa miaka mingi, na jioni zangu nyingi huishia mezani, nikiunganisha roboti ndogo zisizozidi urefu wa kalamu. Alichokosea mtoto huyu ndicho kinachowakwamisha hata watu wazima wanaonunua roboti za boksi. Kukielewa ni kuuelewa ufundi wote, kwa hiyo nitakwenda nacho polepole.

Roboti za boksi huja zikiwa vipande vilivyoshikamana na fremu, kama njugu zilizong'olewa na shina lake. Walioupa ufundi huu umaarufu duniani ni Wajapani. Katuni ya Gundam ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni yao mwaka 1979, na Julai 1980 kampuni ya Bandai ikatoa roboti yake ya kwanza ya kuunganisha kwa yeni 300, pesa ambayo mtoto wa shule angeweza kuidunduliza. Katika hadithi, roboti hiyo ina urefu wa mita 18. Ya boksini ilipunguzwa mara 144, ikawa sentimita 12.5. Zile za mwanzo zilihitaji gundi na rangi. Nyingi za siku hizi hubanwa kwa vidole tu, kijiti hiki ndani ya tundu lile, na rangi imo ndani ya plastiki yenyewe.

Siri ya bei ndogo ni kalibu. Wafyatua matofali wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote: kalibu ikishachongwa, tofali la kwanza na la elfu moja hutoka sawa. Kalibu ya roboti ni ya chuma, pande mbili zinazofungana. Chembe za plastiki huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200, zikasukumwa ndani kwa nguvu na kupozwa. Kisha pande mbili zinafunguka na fremu nzima inadondoka. Chuma hicho ni ghali mno, lakini plastiki inayokijaza ni ya senti chache, na gharama ya chuma hugawanywa kwa kila fremu inayotoka. Pindua beseni la nyumbani kwako ulitazame chini, katikati. Kwa kawaida utaona chunusi ndogo. Hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia. Beseni na roboti ni ndugu wa tumbo moja, ila fundi wa roboti huhesabu sehemu ndogo sana za milimita. Kijiti kikizidi tundu lake kwa unywele tu, kinabana. Kikipungua unywele, mkono unaning'inia.

Sasa gundi. Vipande vingi vya roboti hizi ni polistirini, plastiki ngumu inayokatika kwa mlio mkavu. Gundi yake haishiki kwa kunata. Ni kiyeyusho: inalainisha nyuso mbili, zinachanganyika, kisha inakauka na vipande viwili vinakuwa kimoja. Vizibo vya soda na madumu ni ukoo mwingine, polithini na polipropilini. Nyuso zake zina asili ya nta. Viyeyusho vya kawaida havizilainishi, na gundi ya kunata hukaa juu yake kama tone la maji juu ya jani la nduma: inaonekana imekaa, ukigusa inateleza. Mtoto angeweza kununua gundi ghali kuliko zote katika maduka ya Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, na bado roboti yake ingebanduka.

Kuzitofautisha ni rahisi. Kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji. Polithini na polipropilini huelea, polistirini huzama. Chini ya makopo mengi kuna pembetatu yenye namba ndani yake: 2 ni polithini ngumu, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa tamu. Fungua bega au goti la roboti nyingi za boksi, hasa za miaka iliyopita, na ndani utakuta kikombe kidogo laini, cha rangi ya kijivu au nyeusi. Kikombe hicho ni cha polithini. Watengenezaji waliichagua plastiki isiyokubali gundi, wakaiweka pale pale kwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Inajikunja kidogo na kurudi, kwa hiyo inaukumbatia mpira wa bega bila kuupasua, na kwa kuwa ina utelezi, hailiki upesi ukiuzungusha mkono kila siku. Tabia iliyomliza mtoto wa jirani ndiyo inayoifanya roboti isimame.

Kusimama kwenyewe ni hesabu ya msuguano. Mkono ulionyooshwa mbele huvuta bega chini kwa uzito wake ukizidishwa kwa umbali wake kutoka begani. Kiungo kikishika kwa nguvu zaidi ya hapo, mkono unabaki juu. Tuseme umeikuza roboti maradufu kila upande. Uzito unakuwa mara nane, na umbali mara mbili, kwa hiyo mvuto begani unapanda mara kumi na sita. Msuguano wa kiungo kilichokuzwa vivyo hivyo unapanda mara nane tu. Ndiyo maana roboti ya sentimita 12 husimama kwa mguu mmoja kwa raha, na ya sentimita 25 ya plastiki ile ile inainamisha mikono kama mtu aliyechoka. Anayeanza aanze na ndogo, na asiipe ngumi nzito.

Vifaa havihitaji kuagizwa mbali. Kikata kucha, wembe na msasa laini vinatosha. Usikate kipande kwenye fremu kwa pigo moja lililobana ukingo wake. Kata kwanza mbali, ukiacha kisiki, kisha rudi ukipunguze kidogo kidogo. Ukikimbilia mwisho, plastiki inapinda kabla ya kukatika na kuacha doa jeupe. Doa hilo ni nyufa ndogo sana zinazotawanya mwanga, na msasa pekee haulifuti kwa sababu zimeingia ndani. Mabaki ya fremu usiyatupe. Kijiti cha fremu kikizungushwa juu ya mwali wa mshumaa bila kuugusa, kikalainika, kisha kikavutwa taratibu kutoka pande mbili, hutoa uzi mwembamba wa kuwa antena. Fanyia kazi hii nje, maana polistirini ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye masizi.

Kuhusu thina, kile kiyeyusho cha rangi, nina kidonda changu. Niliwahi kuipaka kwenye goti ili kufuta wino wa kuchorea mistari uliozidi, nikaiacha ijikaukie. Asubuhi goti lilikuwa na ufa, na mguu ukakatika mkononi mwangu. Kijiti kilichobanwa ndani ya tundu tayari kina msongo, na plastiki ya ABS, inayotumika mara nyingi kwenye viungo, hupasuka upesi kiyeyusho kinapoingia mahali penye msongo huo. Tangu siku hiyo nafuta wino kabla ya kuunganisha, kipande kikiwa peke yake.

Kiungo kilicholegea kina dawa yake: rangi ya kucha isiyo na rangi, tone moja juu ya kijiti, usiku mzima wa kukauka, kisha unarudisha. Paka kijiti cha polistirini, si kikombe cha polithini. Kwenye kikombe itabambuka, na sasa unajua kwa nini.

Nilipomweleza mtoto haya yote, aliniuliza swali ambalo mtaalamu yeyote angejivunia kuulizwa: kama vizibo havitaki gundi, vinataka nini? Vinataka kubanwa, kutobolewa na kufungwa. Mafundi wa Lamu waliounda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotupwa lililoshushwa majini mwaka 2018, walilifuata wazo hilo hilo kwa kipimo kikubwa. Waliyeyusha plastiki wakaifinyanga kuwa mbao na mihimili, kisha wakaichonga na kuiunga kama maseremala wa majahazi, na ubavuni wakalivisha takriban patipati 30,000. Mwaka 2021 jahazi hilo lilifika hadi Ziwa Victoria, jirani kabisa na sisi.

Kwa hiyo, ili kuvibana na kuvifunga vizibo vyetu, tulihitaji waya na kitu laini. Waya haikuwa mbali. Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka huu wa Uganda na Kenya, baiskeli zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, na ingawa pikipiki zimeshika njia, Busia bado ina mafundi wa baiskeli wenye rundo la spoki zilizopinda. Spoki ina unene wa milimita mbili hivi, inafaa kabisa kuwa mfupa. Tulipasha moto msumari mwembamba, tukatoboa vizibo, tundu likiwa dogo kuliko spoki. Kati ya kizibo na kizibo tukaweka kisahani kilichokatwa kwenye soli ya patipati kuukuu. Soli hiyo inabonyea na kurudi, inakamata spoki, nayo inafanya kazi ya kile kikombe cha kijivu. Ncha za spoki tukazikunja kwa koleo ili visahani vibaki vimebanwa.

Mabega yalichukua majaribio matatu. Mara ya kwanza kisahani kilikuwa kinene, mkono haukugeuka. Mara ya pili tundu lilipanuka kwa sababu mtoto aliushikilia msumari ndani mpaka plastiki ikayeyuka kuzunguka. Mara ya tatu aliingiza na kutoa haraka, akahesabu moja, akaacha ipoe. Roboti hiyo sasa imesimama kwenye dirisha lao, mkono wa kulia juu. Wa kushoto unashuka kidogo kila jioni, na ameshakata kisahani kipya, kinene kwa milimita moja zaidi.