Wakati Munganga wa Akili Amechoka

Ukileta mtu wa kwenu kwa munganga wa magonjwa ya akili, unawaza habari ya mgonjwa tu. Leo tutasema habari ya munganga mwenyewe. Yeye naye anachoka, na kuchoka kwake kunafika mpaka kwa mgonjwa.

Hatusemi uchovu wa mtu aliyelima, ambao usingizi wa usiku mmoja unaumaliza. Huu unakuja pole pole, sababu ya kazi isiyokwisha. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu yake: aliuona kwa wasaidizi wa kliniki walioanza kazi na moyo mkubwa. Nyuma yake Christina Maslach wa California alionyesha alama tatu. Nguvu zinaisha, moyo unakuwa baridi mbele ya watu, tena mtu anaona kazi yake ni bure. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia liliuhesabu kuwa hali inayotoka katika kazi, halikuuita ugonjwa.

Hapa Kongo wanganga wa akili hawafiki hata mmoja kwa watu 100,000. Basi mmoja anabeba mzigo wa wengi.

Sasa tazama. Munganga wa mifupa ana radio. Wa malaria anatazama damu. Lakini huyu wa akili, chombo chake kikubwa ni sikio. Sikio likichoka, atapima na nini?

Mfano ni huu. Mgonjwa anakunywa haloperidoli. Baada ya siku chache hawezi kukaa kitini: anatembea-tembea, anainua miguu, usiku halali. Mara nyingine ni dawa yenyewe inamsumbua hivyo. Munganga mwenye nguvu atauliza: « Ilianza siku gani? Ndani ya mwili unasikia nini? » Atapunguza dawa, ao ataibadilisha. Aliyechoka anaona fujo tu, anasema wazimu umezidi, anaongeza dawa. Na mateso yanaongezeka.

Kuna na kinyume chake. Mgonjwa amekauka kama mti, mate yanatoka, hasemi. Aliyechoka anaandika katika fishi: « Ametulia. » (Sisi wauguzi pia tunafanya vile, tusijifiche. Mgonjwa asiyesumbua anatupendeza.)

Mambo mengine yanapita haraka: karatasi ya dawa inaandikwa sawa na ya mwezi uliopita, jamaa hawaulizwi kitu, mgonjwa anaitwa « yule mwenye kelele » pahali pa jina lake. Naye akiona hasikilizwi, harudi tena.

Wakubwa wa hospitali wasiseme tu « vumilia ». Munganga hawezi kushika zamu ya usiku kila siku. Apewe siku ya kupumzika, na mwenzake wa kuongea naye juu ya wagonjwa wagumu.

Na wewe, mama ao baba unayelinda mgonjwa, usingoje kuulizwa. Kuja na dawa zote anazokunywa. Sema analala namna gani, anakula namna gani, na nini kimebadilika tangu dawa ilianza. Usikatishe dawa wewe mwenyewe. Rudi kwetu mbele ya siku iliyoandikwa. Lakini kama amesema habari ya kujiua, usikae katika mstari. Ingia moja kwa moja, useme, hata ukiona munganga amekunja uso.