Kumwandikia Binamu Wikipedia: Kuna Ubaya Gani?

Likizo iliyopita nilikuwa Ansab, Muscat, kwa mjomba. Binamu yangu ana kampuni ndogo ya ukandarasi. Kusikia tu nahariri Wikipedia, basi: "Kaka, tuandikie na sisi!"

Hapo ndipo penye mgongano wa maslahi. Ukiandika habari za ndugu yako, za mwajiri wako au zako mwenyewe, utaelemea upande mmoja hata bila kusema uongo. Yale yasiyopendeza unayaruka tu. Jimmy Wales mwenyewe, mwaka 2005, alibadili wasifu wake na kufuta palipomtaja Larry Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake!

Na usidhani utajificha, jamani. Historia ya ukurasa inatunza kila badiliko. Mwaka 2007 Virgil Griffith alitengeneza WikiScanner, iliyolinganisha anwani za kompyuta za wahariri wasiojitaja na mashirika yenye anwani hizo. Hata kompyuta za CIA zilionekana. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, wahariri ni wachache, kwa hiyo sifa za kupachika zinaweza kukaa muda mrefu.

Ukilipwa, tangu 2014 masharti yanakutaka umtaje anayekulipa. Kama ni udugu tu, nenda ukurasa wa majadiliano, sema uhusiano wenu, leta chanzo cha nje, mwingine aamue.

Nikamwuliza binamu, gazeti gani limewahi kuandika habari za kampuni yako? Hakuna. Basi na makala hakuna.

Akanuna. "Sasa udugu wa kazi gani?"