Kamera ya machache yamfaa nani?

Mpwa wangu mmoja, binti wa dada yangu, hufanya kazi ya kupiga picha katika shughuli za wanawake hapa Mombasa. Kazi hiyo ina heshima yake na ina riziki yake, kwani mwanamume haingii ukumbi ule, na bibi arusi siku ya kupamba hupambwa ili aonwe na wanawake wenziwe, si na mji mzima. Mwezi uliopita alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, akaniamkia, akaketi barazani, kisha akalitoa neno lililomleta.

"Mjomba," akasema, "nataka kununua kamera, lakini nataka isiyojua kusema."

Nikamwuliza, "Mwanangu, kamera gani isemayo?"

"Karibu zote za siku hizi," akanijibu. "Nikishapiga tu, picha yaweza kuruka ikaingia katika simu. Juzi mama mmoja alinikataza nisimpige bintiye mpaka nimwapie kwamba kamera yangu haina mtandao. Nami sikuweza kuapa."

Nilimwomba anipe siku chache nifikiri. Katika kufikiri nikaona kwamba suala lile si lake peke yake. Miaka hii umezuka mtindo wa kamera zilizopunguzwa mambo kwa makusudi: moja haina kioo cha kutazamia picha, moja haijui rangi, nyingine haipigi video. Wako wanaozisifu kana kwamba ndizo kamera za wenye busara. Wako pia wanaozicheka, wakasema ni kumwuzia mtu pungufu kwa bei ya ziada. Hebu na tulitazame jambo hili taratibu, tujue kamera ya machache yamfaa nani na yamponza nani.

ILIKOANZIA

Kwanza tukumbuke kwamba kamera ya machache si uzushi wa leo. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alitoa kamera aliyoiita Kodak. Bei yake ilikuwa dola 25, na ndani yake mlikuwa na filamu ya picha 100. Mwenye kuinunua hakuwa na la kuchagua. Huvuta uzi, hubonyeza, huzungusha ufunguo, basi. Picha zikimalizika, aliipeleka kamera nzima kiwandani katika mji wa Rochester, akasafishiwa picha zake na kutiliwa filamu nyingine kwa dola 10. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu kilichouzwa dola moja tu.

Kabla ya hapo kupiga picha kulikuwa ni kazi ya mabingwa, wenye vioo vizito na chupa za dawa. Kupunguzwa kwa mambo ndiko kulikomfungulia mlango mtu wa kawaida. Tulishike hilo, kwani tutalihitaji mbele: kilichoondolewa ni kile kilichokuwa kikimzuia mtu.

Mlango ule ulifika mpaka Afrika. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alipewa Brownie na ami yake mwaka 1935. Malick Sidibé naye, wa mji huo huo, alianza na Brownie mwaka 1956, na mwaka 2007 akatunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice kwa kazi ya umri wake wote.

Keïta alipofungua studio yake mwaka 1948, alitumia kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu zilikuwa ghali, basi aghalabu mteja alipigwa picha moja tu. Alimkalisha, akamgeuza shingo, akampanga mkono, akamtandia nyuma yake shuka la kitandani, na hapo ndipo akabonyeza. Picha zile leo zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Hazikufika huko kwa wingi wa vifungo vya kamera. Zilifika kwa sababu aliyezipiga alijua kwamba hana marudio.

Sisi watunzi wa mashairi jambo hili si geni kwetu. Asiyejua utunzi huiona mizani kumi na sita na vina viwili kuwa ni minyororo. Lakini mtunzi akishazoea, mipaka ile ile humwepusha na maneno ya ovyo, kwa kuwa kila silabi ina kodi yake.

KOSA LANGU

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa Pentax K1000, kamera iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, ikauzwa zaidi ya milioni tatu duniani. Betri yake ilikuwa ya kipimo cha mwangaza tu. Betri ikifa, kamera hupiga vilevile. Haikulenga yenyewe, wala haikuwa na saa ya kumpa mpigaji nafasi ya kukimbilia ndani ya picha. Filamu ilikuwa ya picha 36, na picha ikitoka nyeusi, hakuna wa kumlaumu ila nafsi yako. Jua la saa sita juu ya kuta nyeupe za chokaa lilinila filamu nyingi, lakini lilinifundisha. Mpaka leo simjui mwalimu aliye bora kwa mwanafunzi kuliko kamera ya namna hiyo.

Lakini haki ni kusema yote. Kamera hiyo hiyo ndiyo iliyonitia aibu ambayo sijaisahau. Jamaa yangu alikuwa akioa, nami nikaaminiwa kupiga picha za nikaha. Nilipiga wazee walivyoketi, nikapiga baba yake bwana arusi akimshika mwanawe mkono, nikapiga mpaka hesabu ikafika 36, nikazidi kuvuta. Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba kigurudumu cha upande wa kushoto kilikuwa hakizunguki. Filamu haikushika tangu mwanzo. Nilikuwa nikipiga hewa usiku kucha. Mzee yule hakumaliza mwaka, Mwenyezi Mungu amrehemu, na picha ile ambayo wanawe waliitaraji haikuwako.

Laiti kamera yangu ingekuwa na kioo kidogo nyuma, ningalijua katika picha ya kwanza. Basi mtu akiniambia leo kwamba kioo ni upuuzi na kwamba mabingwa hawakihitaji, namsikiliza kwa adabu, lakini moyoni namwona yule mzee ameketi na kanzu yake.

ZA SIKU HIZI

Sasa tuje kwenye kamera za mtindo huu mpya. Leica ya Ujerumani ilitoa mwaka 2012 kamera iitwayo M Monochrom, ambayo hupiga nyeusi na nyeupe tu. Nikon ikatoa Df mwaka 2013, ikainyima video. Mwaka 2016 Leica ikatoa M-D, nayo haina kioo nyuma: mahali pa kioo pana gurudumu la kuchagua wepesi wa kupokea mwangaza. Mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, ambayo filamu moja ya picha 36 hutoa picha 72 kwa kuigawa kila nafasi mara mbili.

Wanaozipenda wana hoja, nayo si ndogo. Kamera ya leo ina orodha ndefu ya mambo ya kuchagua, na macho ya mpigaji hubaki ndani ya orodha badala ya kubaki duniani. Nimeliona hili Lamu wakati wa Maulidi. Kijana mmoja alikuja na kamera nzito shingoni. Zefe ilipokaribia, matari yakilia na wazee wametangulia, yeye alikuwa ameinamisha kichwa akitafuta jambo fulani katika kile kioo. Alipokiinua, zefe imekwisha kata kona. Huyo kamera ya machache ingalimfaa. Ingalimfaa pia mwenye kutembea vichochoroni na kuwapiga watu katika hali zao, kwani kamera ndogo haiwashtui watu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alijipatia jina lake kwa Leica ndogo na lenzi moja ya milimita 50, aliyoitumia takriban maisha yake yote.

Lakini tazama bei. Leica M-D ilipotoka iliuzwa kwa takriban dola 6,000. Brownie iliondolewa mambo ili maskini aipate. Hii imeondolewa mambo, na hata tajiri aifikiria mara mbili. Mwenye mali ana haki ya kununua utulivu wake, wala simhusudu. Ila asije akatuambia kwamba hiyo ni zuhudi. Zuhudi ya dola elfu sita sijapata kuisoma chuoni.

MTU MMOJA, HAJA MBILI

Na wako ambao kamera ya machache itawaponza kabisa. Mpiga picha za mpira, wa ndege warukao, mwandishi wa habari anayesubiriwa na mhariri: hawa wahitaji kamera ilengayo upesi na ipigayo mfululizo, na huyo wa mwisho ahitaji hata huo mtandao anaoukimbia mpwa wangu.

Tumtazame marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943. Alianza utotoni na Brownie ya sanduku. Akakua, akapiga picha za Hija, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha safari ya Makka. Lakini Oktoba 1984, alipofika Korem, Ethiopia, ambako watu walikuwa wakifa kwa njaa, alichukua picha za kwenda, zenye mwendo na sauti. BBC ikazionyesha tarehe 23 mwezi huo, na ulimwengu ukashtuka. Julai 1985 likafanywa tamasha la Live Aid, London na Philadelphia, kuchangia wenye njaa. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake mmoja katika mripuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, mpaka alipofariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Ngazija.

Mtu huyu hakudharau kijisanduku kilichomfundisha. Lakini siku ya Korem kijisanduku kile kisingalitosha, kwa kuwa haja ilikuwa nyingine. Hapo ndipo ulipo ukweli wa suala letu. Uchache si sifa, wala wingi si sifa. Sifa ni kuijua haja yako kwanza, ndipo ukajua cha kuondoa na cha kubakisha.

UKUMBINI

Basi nikamwita mpwa wangu, tukaihesabu haja yake barazani kama mtu ahesabuye mahari. Ukumbi wa kupamba una taa hafifu na watu wengi wanaocheza, kwa hivyo kamera lazima ilenge upesi na iweze giza. Harusi haina marudio, kwa hivyo kioo kibakie, yasije yakampata yaliyonipata mimi. Kadi ya kuhifadhia picha yaweza kuharibika, kwa hivyo afadhali kamera yenye nafasi za kadi mbili, ili kila picha iandikwe mara mbili. Video hana haja nayo sana. Mtandao hautaki kabisa.

Ile Leica isiyo na kioo haina mtandao, naam, lakini hulengwa kwa mkono, ina kadi moja, na bei yake ni ya kiwanja. Hatimaye alinunua Nikon D610 kuukuu, ya mwaka 2013. Ukiitazama hutasema ni kamera ya machache, kwani imejaa vifungo. Ina nafasi mbili za kadi, huona vyema usiku, na ndani yake hamna mtandao. Katika mambo yote ya siku hizi imepungukiwa na hilo moja, nalo ndilo alilolitafuta.

Amejiwekea na utaratibu. Shughuli ikimalizika, kadi zote mbili hutiwa katika bahasha, akakabidhiwa mama yake bibi arusi. Siku ya pili huitwa nyumbani kwao, wakachagua pamoja, zisizotakiwa zikafutwa mbele ya macho yake. Wiki iliyopita alirudi kwa yule mama aliyemkataza. Akaulizwa tena, "Hii yasema?" Akajibu, "Haisemi, mama," na mara hii akaapa. Akaruhusiwa.

Nilifurahi aliponisimulia, lakini nilimwusia neno moja, nami nalikariri hapa kwa ajili ya wote wenye kazi kama yake. Kadi yaweza kunakiliwa na mwenye nia mbaya, hata kama kamera ni bubu. Mama yule hakuiamini Nikon, alikuamini wewe. Basi ikiwa kamera yako haijui kusema, nawe usijue.